Nzi wa Milimani na Nzi wa Ziwani

Walisema sitaweza. Hawakunisema pembeni. Walisema mbele yangu, pale Maguu kwenye mashine ya kumenya kahawa, nikiwa nimeshika ndoo yangu nasubiri zamu. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya miaka mingi mjini, na nilikuwa nimewaeleza kilichonirudisha: nataka kufuga nzi.

"Nzi?" akauliza aliyekuwa anazungusha mpini wa mashine. "Hawahawa wanaotua kwenye uji?"

"Si hao. Wale wadogo wa ndizi mbivu."

"Ahaa. Kwa hiyo wale wakubwa wamekushinda."

Watu walicheka mpaka mashine ikasimama. Mwingine akaniambia nipite kwake na kamba, anao wa kutosha, niwaswage mwenyewe. Hayo niliyavumilia. Kilichoniingia ni maneno ya kaka yangu mkubwa, wa tumbo moja na mimi, aliyekuwa amekaa juu ya gunia lake bila kucheka.

"Mwacheni," alisema. "Damu yake naijua. Baba alichimba bwawa la samaki, akaliacha. Akanunua cherehani, akaiacha. Akafyatua matofali, yakanyeshewa nje. Huyu ni baba yuleyule, amevaa viatu vya ngozi tu. Kabla kahawa haijachanua tena atakuwa ameacha."

Nilimenya kahawa yangu nikaenda nyumbani na hasira ambayo mpaka leo naikumbuka ladha yake.

Naomba nieleweke. Mimi si mtu aliyeokota cheo njiani. Nilitoka Maguu na nguo zangu ndani ya mfuko wa plastiki. Nilianza kwa kuosha vyombo vya kioo katika maabara ya chuo kimoja mjini, na jioni nikasoma, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikapata stashahada ya teknolojia ya maabara. Imetundikwa sebuleni kwangu na kila mgeni anaiona. Niliaminiwa chumba kizima cha nzi wa matunda, ukoo kwa ukoo, kila mmoja na chupa zake, na katika muda wangu wote hakuna chupa iliyochanganyika na nyingine. Nilikuwa naweza kutenganisha dume na jike kwa jicho tu wakati wenzangu wanahangaika na darubini. Katika Mbinga yote sikumjua mwingine mwenye ujuzi huo, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo.

Nilichotaka ni chumba. Katika shule moja ya sekondari wilayani kwetu kulikuwa na ghala dogo lililobaki tupu baada ya mahindi ya wanafunzi kwisha. Mkuu wa shule, aliyehamishiwa huku kutoka Kanda ya Ziwa na ambaye baridi yetu ilimfanya avae makoti mawili, alinisikiliza vizuri. Akanipeleka kwa mwenyekiti wa bodi, mzee wa kahawa mwenye mashamba yanayojulikana mpaka Kitura.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa nzi?"

"Ndiye mimi."

"Tutakupa ghala. Kikao cha bodi kikifika, utuonyeshe kitu tunachokiona kwa macho yetu na mwanafunzi anaweza kujifunza. Ukishindwa, mahindi yanarudi ndani."

Basi hilo ndilo lililokuwa mbele yangu: chumba cha maabara, au mahindi. Na nyuma ya chumba kulikuwa na maneno ya kaka yangu.

Jaribio lenyewe nililijua siku nyingi. Nzi hawa wadogo wana tabia moja: ukigonga chupa wakaanguka chini, hupanda tena ukutani kuelekea juu. Niliwakamata wa Maguu kwenye ndizi zangu mwenyewe. Niliwakamata wa Mbamba Bay kwenye maembe yaliyooza nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, kule chini ziwani. Nikawagonga. Wa ziwani walipanda kama watoto waliosikia kengele ya kutoka darasani. Wa milimani walipanda kama wajumbe wanaokwenda kwenye kikao cha michango.

Kwa nini? Wamezaliwa hivyo, au ni baridi iliyowalea? Ukiwatazama walipo huwezi kujua, kwa sababu kila mmoja ana wazazi wa kwao na hewa ya kwao kwa pamoja. Lazima uwabadilishane. Mayai ya nzi wa Maguu yalelewe kwenye joto la ziwa, mayai ya nzi wa ziwani yalelewe kwenye baridi ya Maguu, na wengine wabaki makwao kwa kulinganisha. Wakikomaa wote unawaleta chumba kimoja, siku moja, joto moja, unawagonga. Watakaofuata wazazi wao, ni urithi. Watakaofuata mahali walipolelewa, ni mazingira.

Moyoni nilishajua ninataka jibu gani. Nilitaka mazingira yashinde, tena yashinde mbele ya kaka yangu, ambaye mtoto wake alikuwa anasoma shule ileile na kwa hiyo angekuja kama mzazi.

Vifaa sikuwa navyo, nikaazima. Akina mama wa kwaya walinipa chupa zao za kioo, zile za asali na siagi ya karanga ambazo huzitunza kuliko sahani. Fundi saa wa Mbinga mjini alinipa lensi yake moja ya kubana jichoni. Mama mmoja anayepika pombe ya kangara alinigawia hamira yake, maana nzi hawa hawaishi kwa ndizi tu, wanakula hamira inayoota juu yake. Sanduku la kutunzia vifaranga, lenye balbu ya kuleta joto, nililolitaka kwa nzi wa kuzalisha, lilikuwa la kaka yangu. Nilikwenda kuliomba nikiwa nimekaza shingo.

"Chukua," alisema. "Utalirudisha mapema."

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa kuudhi. Nilipeleka chupa za kwanza ghalani Ijumaa, Jumatatu nikakuta nzi wote chali. Mlinzi wa shule alinipokea mlangoni anatabasamu.

"Fundi, nimekusaidia. Niliona wadudu wameingia chumbani kwako, nikapuliza ile dawa ya kahawa. Hakupona hata mmoja."

Ungemwambia nini mtu kama huyo? Nilimshukuru, kwa sababu alikuwa ametumia dawa yake mwenyewe. Nikasugua kuta kwa maji na sabuni, nikafungua madirisha mpaka harufu ikaisha, nikaanza upya.

Zamu ya pili nilishuka ziwani na chupa ndani ya boksi, nimeliweka mapajani. Kondakta wa kosta alilitazama sana.

"Mzee, umebeba nini humo?"

"Nzi."

"Unawapeleka Mbamba Bay? Kule wamekwisha?"

"Wanakwenda kulelewa."

"Basi wasikae kwenye kiti, watoto hawalipi," akasema, na gari zima likanicheka kuanzia pale mpaka tuliposhuka milima yote na kuanza kuvua makoti.

Shangazi yangu alinipokea vizuri kama kawaida yake. Ni mwanamke anayeanika usipa, dagaa wa kule, ufukweni na ambaye hajawahi kumwacha mgeni aondoke bila fungu. Nilimkabidhi chupa za nzi wa Maguu, pamoja na za nzi wa kwake wa kulinganisha, kwa maelekezo kama ya hospitali. Ziwe kivulini. Zisikae karibu na moshi wa samaki. Kitambaa cha chandarua kilichofunga midomo kisifunguliwe hata kidogo.

"Nimeelewa, baba," alisema. "Nitawatunza kama wajukuu."

Nikarudi Maguu kulea upande wangu. Baridi ya huku inachelewesha kila kitu, hata nzi. Funza wangu walitambaa kwenye uji wa mahindi kana kwamba wanafikiria, na kila asubuhi nilikagua ukungu na kulaani. Kikao kilipokaribia nilishuka kufuata zile za ziwani. Shangazi alinikabidhi chupa zimejaa nzi wazuri, wachangamfu. Nilimsifu. Alifurahi, akanifungia na usipa.

Siku ya kikao walikuja wote: mwenyekiti, mkuu wa shule na makoti yake, wazazi, na mwalimu wa baiolojia, mama wa Kiislamu aliyepangiwa huku kutoka Tanga, ambaye ndiye pekee pale aliyenielewa nikiongea. Kaka yangu alisimama karibu na dirisha. Nilikuwa nimefunga uzi mwekundu katikati ya kila chupa. Kazi ilikuwa kugonga, kungoja kidogo, na kuona wangapi wamevuka uzi. Nikatoa simu ili nipime muda.

"Hapana," akasema mwenyekiti. "Simu yako ni yako. Tupime kwa kitu tunachokijua wote. Salamu Maria moja."

"Na mimi je, mzee?" akauliza mwalimu wa baiolojia. "Nipime kwa Fatiha?"

"Fatiha ndefu, Mwalimu. Watapanda na kushuka na kuoana."

Hata yeye alicheka. Basi tukapima kwa Salamu Maria, mwenyekiti akisali kwa mwendo wake, mimi nikigonga. Nzi wa Maguu waliobaki Maguu walijikongoja. Wa ziwani waliobaki ziwani walivuka uzi kabla mzee hajafika katikati. Wa ziwani niliowalea Maguu walizubaa kuliko ndugu zao. Kisha nikagonga nzi wa Maguu waliolelewa ziwani. Walipanda vilevile kama wa ziwani! Huwezi kuwatofautisha.

Nilisimama mbele ya watu wote nikasema, na nilisema kwa sauti, kwamba mnaona wenyewe. Wazazi wao ni hawahawa wanaojikongoja. Kilichobadilika ni mahali. Damu si kitu. Nilimtazama kaka yangu nilipokuwa nasema. Alitazama chini, akatoka.

Bodi ikasema chumba ni changu. Niliishi siku hizo kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Halafu shangazi akapanda milimani kwa ajili ya komunio ya kwanza ya mjukuu wake. Alifikia kwangu. Nilimwekea chai, akakaa chini ya stashahada yangu, akaniuliza habari za wale nzi.

"Walifanya kazi vizuri sana, shangazi. Umenipa jina."

"Nashukuru Mungu. Maana niliogopa. Walikuwa wamepungua sana, wengine wamefia kwenye uji. Nikasema, mtoto wa kaka yangu nitamrudishiaje chupa nusu tupu? Watu watasema nini? Nikakujazia."

Kikombe nilikuwa nimekishika. Nikakiweka.

"Ukanijazia nini, shangazi?"

"Nzi, baba. Walewale wadogo. Si wamejaa kwenye maembe pale nyuma? Nikafungua kidogo tu, nikawaingiza, nikafunga. Kila chupa."

Kwetu, ukiazima chombo cha mtu, au mtu akikuachia chombo, hukirudishi kitupu. Sahani iliyokuja na mboga inarudi na mayai. Kikapu kilichokuja na mahindi kinarudi na ndizi. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, nimepigwa kwa kurudisha bakuli tupu. Nilimpa mwanamke huyu chupa, nikamwambia mambo ya kivuli na moshi, na kumbe nilikuwa nimempa chombo. Alifanya kilicho sahihi. Alifanya heshima. Na heshima yake ilikuwa imelala juu ya jaribio langu lote kama jiwe. Wale nzi wachangamfu waliomtoa kaka yangu mlangoni, wengi wao hawakuwa watoto wa Maguu. Walikuwa wenyeji wa ziwani.

Sikumkasirikia yeye. Nilikasirika kwa ujumla, nikiwa sina pa kuielekeza hasira hiyo, na hakuna hasira mbaya kama hiyo. Nilitoka nje nikapiga teke ndoo.

Nilimweleza mwalimu wa baiolojia kesho yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja mtandio wake, akasema polepole:

"Fundi, nani atakwenda Mbamba Bay kumuuliza shangazi yako?"

"Hakuna."

"Chumba umeshapewa. Wanafunzi wangu wanaanza kukipenda. Fanya jaribio lako tena kimyakimya, likikubali limekubali."

"Na lisipokubali?"

"Basi litakatalia ndani ya chumba chako."

Lilikuwa shauri la mtu anayenitakia mema, na usiku ule nililipenda sana. Lakini nimeosha vioo vya watu wengine miaka yote ile, nimeona wenye vyeo vikubwa kuliko changu wakifukuzwa kwa chupa moja iliyochanganyika, na sikujenga jina langu ili lisimame juu ya maembe ya shangazi. Sikusomea hivyo. Nilikwenda kwa mwenyekiti nikamwambia.

Alikuwa anapogoa mibuni yake. Hakuacha kupogoa.

"Kwa hiyo uliyotuonyesha si kweli."

"Sijui kama ni kweli, mzee. Ndiyo shida."

"Nimesali Salamu Maria mbele ya watu kwa jambo usilolijua."

"Naomba nafasi nirudie."

Akakata tawi, akalitazama.

"Utarudia. Kikao kinachofuata. Lakini na mimi nina langu. Akina mama wa kwaya wamenijia wanadai chupa zao za asali. Fundi saa amemwambia katekista kwamba anataka lensi yake. Kaka yako ana vifaranga wanalala jikoni. Maabara ya vitu vya kuazima naionaje? Ni kama arusi ya suti ya jirani. Kikao kikikupa chumba, siku utakayokuwa umerudisha vya watu vyote na bado umesimama, ndiyo siku nitakayokupa ufunguo wa kudumu. Kabla ya hapo, mahindi yananingoja mlangoni."

Nilirudi nyumbani nikiwa na kazi mbili badala ya moja.

Safari hii sikumwachia mtu. Nilihamia kwa shangazi mwenyewe na nikalala chumba kimoja na chupa, na upande wa Maguu nikamwomba mwalimu wa baiolojia akague, kwa ahadi kwamba nzi wakipungua waachwe wapungue. Shangazi alipita mlangoni kila asubuhi na kuzitazama kwa huzuni.

"Zile mbili zimebaki na wachache."

"Ziache, shangazi."

"Hata kumi tu?"

"Shangazi!"

"Sawa, sawa. Lakini zinatia aibu."

Wengi walikufa. Joto lilikausha uji, sisimizi wakapata njia, na ukungu ukala chupa nzuri kuliko zote. Nilisimama ufukweni jua likipiga usipa kwenye vichanja, nikawaza bwawa la baba. Alikuwa amefikia hapa? Alisimama hivihivi, akatazama maji yakipungua, akasema basi? Nilimwelewa kidogo, na kumwelewa huko kulinitia hofu kuliko kicheko cha watu wa mashine.

Sikuacha. Nilianza upya kwa mayai mengine, kisha mengine.

Kikao kilipofika nilikuwa na chupa chache, lakini kila nzi aliyekuwamo nilijua ametoka wapi. Mwenyekiti akasali, mimi nikagonga. Wa Maguu waliolelewa Maguu, polepole. Wa ziwani waliolelewa ziwani, haraka. Wa Maguu waliolelewa ziwani walipanda kuliko ndugu zao waliobaki, hilo lilionekana wazi, lakini hawakuwafikia wenyeji wa kule. Wa ziwani waliolelewa Maguu walizubaa kuliko ndugu zao, ila bado waliwapita wa hapa. Tulirudia na kurudia. Jibu halikubadilika.

Nitasema kweli, jibu lile halikunifurahisha. Nilikuwa nimeteseka mara mbili ili nisikie kwamba urithi upo na mazingira yapo, na kwamba vyote viwili vinamshika nzi mmoja kwa wakati mmoja. Nilitaka kushinda. Nzi wakanipa nusu.

Na bodi nayo ilitaka yake.

"Kwa hiyo ni damu," akasema mzazi mmoja. "Watu wa ziwani ni wepesi, sisi wa milimani ni wazito ila tunadumu. Nilijua."

"Ni malezi," akasema mkuu wa shule. "Nitalisema siku ya wazazi. Mtoto ni anavyolelewa."

"Ni vyote viwili," nikasema. "Tena hawa ni nzi, wanapanda chupa. Sijawapima watu."

"Lakini ukiwapima watu?"

"Watu huwezi kuwabadilishana wakiwa mayai!"

"Fundi anakasirika," akasema yule mzazi kwa mwenzake. "Hiyo nayo ni ya babake."

Ni mwalimu wa baiolojia aliyeniokoa. Aliwaita wanafunzi wake watatu wa kidato cha tatu, akawaambia waeleze kwa nini chupa zilibadilishanwa. Binti mmoja alieleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi, na kwa maneno machache, mpaka mwenyekiti akaweka fimbo chini. Mzee akasema chumba kibaki cha nzi. Akanikumbusha sharti lake.

Ilinichukua wiki kadhaa kujitegemea. Nilikusanya chupa za maji za plastiki baada ya arusi mbili, nikazikata shingo na kuzisugua. Nilijifunza kupiga picha ya karibu kwa kamera ya simu, ikachukua kazi ya lensi. Nilipanda hamira yangu mwenyewe kwenye mtungi. Sanduku la joto nililipiga misumari mwenyewe kwa mbao za kreti, likatoka limepinda, lakini linafunga. Nzi walipohamia huko na kutaga, nikajua siku imefika.

Ilikuwa Jumamosi. Nilianza kwa akina mama wa kwaya, nikawakuta kwenye mazoezi. Walizipokea chupa moja moja wakizinusa na kuzinyanyua kwenye mwanga.

"Hii si yangu, yangu ilikuwa na mfuniko wa bluu."

"Mfuniko wa bluu huu hapa, mama."

"Haya. Nitaichemsha mara tatu kabla sijatia asali. Usichukie."

"Sichukii."

Fundi saa aliijaribu lensi jichoni papo hapo, akaitikia kwa kichwa kwamba ni nzima. Mama wa kangara nilimpelekea mtungi wa hamira iliyokua vizuri kuliko yake, na nikamwambia hivyo, akanifukuza kwa mwiko akicheka. Mwenyekiti nilimpitia shambani, akanihoji jina kwa jina, nani na nani, akatoa ufunguo mfukoni. Nikamwambia bado mmoja.

"Basi utaupokea ukitoka kwake," akasema, akaurudisha mfukoni.

Kaka yangu alikuwa nyuma ya nyumba anatengeneza ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, amejikunja juu ya shimo, nyasi zimepangwa vizuri mraba kwa mraba kama alivyofanya tangu tulipokuwa wadogo. Niliweka sanduku chini. Nilikuwa nimekaza bawaba iliyolegea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Alinawa mikono, akalizunguka sanduku, akafungua, akaingiza kichwa. "Linanuka ndizi."

"Nimelisugua."

"Nimesema linanuka. Sijasema ni vibaya."

Alikwenda jikoni akarudi na vifaranga ndani ya kikapu, akaanza kuwaingiza mmoja mmoja. Nilisimama nikisubiri aseme neno kuhusu baba, ili na mimi niseme langu nililokuwa nimelibeba siku zote hizo. Hakusema.

"Wale wa huku," aliuliza bila kunitazama, "wale uliowapeleka kule. Walipanda kweli? Si wa shangazi?"

"Walipanda. Si kama wa kule. Lakini waliwapita ndugu zao."

"Ndugu zao waliobaki."

"Ndiyo."

"Hao waliobaki, uliwauliza kama wanataka kushuka?"

"Nilichagua tu, kaka. Mkono ulipoangukia. Ndivyo jaribio lilivyo."

Akafunga sanduku, akajaribu bawaba mara mbili.

"Basi wasiitwe wavivu."

"Sijawaita."

"Wale wa kwenye mashine wanawaita." Alichukua jembe lake. "Nitawaambia."

Akarudi kwenye shimo lake. Neno langu nililolibeba sikulisema, sikuona tena lilikuwa la kazi gani. Nilipita shambani kwa mwenyekiti, nikapokea ufunguo, na kufikia jioni nyumbani kwangu hakukuwa na kitu cha mtu.